Mikono ya Kuinua Injini

Katoro
20 Agosti 1984

Ndugu Maige,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki. Naanza na injini.

Mwezi wa Juni tuliipeleka Mwanza pamoja, na mwisho wa Julai tukaifuata pamoja. Fundi Bartholomeo alituapia mbele ya wote kwamba krenki imechongwa, ringi ni mpya, beringi ni mpya, na Bedford yetu itapanda mlima wowote. Ukaipakia kwenye lori la pamba, ukaniambia, "Kalisti, wewe nenda Katoro katafute mizigo. Mimi nikifika nyumbani naita majirani, wiki haiishi lori liko barabarani."

Mizigo nimetafuta. Mpunga wa watu umelala ghalani, panya wanaufaidi. Wachimbaji dhahabu wanataka unga na mapipa ya maji huko mashimoni. Kibali cha petroli nimekipata baada ya kukaa kwenye benchi la ofisi mpaka karani akanizoea kama fenicha. Kila asubuhi watu wananiuliza lori liko wapi, nami nawajibu liko njiani. Sasa wameacha kuniita Kalisti, wananiita Bwana Njiani. Hata mke wangu amecheka.

Nieleze kitu kimoja. Nyinyi Wasukuma mnalima kwa ngoma. Nimeona kwa macho yangu shamba zima likiinamishwa na mpigo mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Majirani hao hao waliitoa injini hiyo mwezi wa Juni huku wakitaniana. Leo wameshindwa kuirudisha? Au ni wewe umeshindwa kunyanyuka kitandani?

Lori ni letu wawili. Tulilinunua likiwa bovu, tukaliponya kwa jasho letu sote. Sikukupa wewe ulitunze kama kaburi.

Salamu hazikubaki.

Kalisti


Kijijini, kwa njia ya Didia
29 Agosti 1984

Ndugu Kalisti,

Matusi yako yamefika salama, hayakupungua njiani.

Kwanza, injini ya lori haitengwi jikoni kama chungu cha ugali. Inataka magogo matatu yaliyonyooka, na miti ya hapa unaijua. Pili, watu wako kwenye pamba, kila mtu na magunia yake. Tatu, tulikuwa na msiba upande wa pili wa kijiji. Nne, kamba ya katani imeoza. Unataka la tano? Nitalitunga.

Injini iko chini ya turubai, kavu, naipaka mafuta kila baada ya siku chache. Haijapigwa na umande hata mara moja. Kama una haraka kiasi hicho, njoo uibebe kwenye baiskeli yako.

Na ninakuomba usimtume dereva wala mpita njia yeyote kuja kuchungulia kwangu. Mimi siyo mtoto wa kuchungwa. Injini itaingia nitakapoiingiza.

Mbuke anakusalimu. Binti yetu Esta alikuja kujifungulia hapa nyumbani, amepata mtoto wa kiume, wote wazima. Hilo ndilo jambo jema pekee la mwezi huu, na umenifanya nilitaje kwa hasira.

Maige


Katoro
8 Septemba 1984

Maige,

Hongera ya mjukuu. Mengine yote uliyoandika ni uongo.

Dereva niliyemtuma, maana nilikuwa nimemtuma kabla hujanikataza, alifika kijijini kwako akasimama kwenye duka la ushirika kuuliza nyumba yako. Mwenye duka akageuka akaanza kupanga makopo. Akauliza mama mmoja aliyekuwa na ndoo, yule mama akaongeza mwendo. Akauliza wazee waliokaa barazani, wakatazama mbali. Aliniambia, "Mzee Kalisti, nilidhani nimekuwa bubu." Akaondoka bila kukuona.

Sasa mimi najiuliza. Mtu ambaye kijiji kizima hakitaki kulitaja jina lake amefanya nini? Na kwa nini anaogopa kuchunguliwa? Hapo Maganzo si mbali, wapo watu wa almasi wenye pesa za ghafla na malori mabovu. Injini iliyochongwa upya watu wanaitafuta kama sukari.

Umeiuza? Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana. Misibani huko na kwenye kamba zilizooza usinipeleke tena.

Kalisti


Kijijini
12 Septemba 1984

Shemeji Kalisti,

Mwandiko huu ni wangu, niliupata kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usicheke. Baba Esta hajui kwamba ninakuandikia. Barua yako ya mwisho aliisoma akaitia motoni, hakula siku hiyo.

Injini hajaiuza. Iko chini ya turubai kama alivyosema. Hakuna wa kuiinua kwa sababu sisi tumetengwa.

Usiku ule mliokuwa Mwanza mwezi wa Juni, ng'ombe wa Masele waliibwa. Mwano ukapigwa, lile yowe letu la hatari. Mwano ukisikika kila nyumba inatoa mwanamume, hata kama ana homa. Nyumba yetu haikutoa mtu. Nilisema mwenye nyumba amesafiri. Bujiku, ambaye ndiye ntemi, mkuu wa walinzi wa sungusungu hapa kwetu, akasema sawa, lakini anayesafiri anamuaga kiongozi, ili usiku wa hatari ijulikane nyumba ipi haina mtu. Baba Esta hakuaga. Lile lori la pamba lilitokea alfajiri, mkapakia, mkaondoka.

Wakaamua atoe fahali mmoja, aliwe na kijiji, yaishe. Baba Esta akasema hana kosa, hatoi hata kuku, na kwamba yeye ni mtu mzima mwenye binti aliyeolewa, haombi ruhusa ya kutembea kama mwanafunzi. Akawapa mgongo. Tangu siku hiyo hatuuziwi kitu dukani, hatupewi moto, hatusalimiwi. Atakayetusaidia naye anatozwa.

Amenikataza nisikuambie. Anasema mtu akisikia rafiki yake ametengwa na sungusungu atajua tu ni mwizi wa ng'ombe. Anaona afadhali umwite mvivu.

Barua hii unaletewa na mdogo wangu Theonest, anakaa Maganzo. Kuna neno jingine nimempa kwa mdomo, sitaliandika. Msikilize mpaka mwisho. Na ukikubali, apa kwamba hutamwambia mtu, hasa yeye.

Mbuke


Katoro
20 Septemba 1984

Maige,

Nimejua. Usiniulize nimejuaje, ulimwengu una midomo.

Nimekasirika kuliko nilipodhani umeiuza. Kuuza ningeelewa, njaa ni njaa. Lakini umekaa na fedheha hiyo miezi yote hii, unanitungia misiba na kamba zilizooza, umeniacha nikuite mwizi kwa kalamu yangu mwenyewe. Ulinidhania mimi ni mtu wa namna gani?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja. Nakuja na Damian kutoka kwetu Ushirombo na wenzake wa kwaya, wanaume wenye vifua. Wao si wa kijiji chako, hakuna wa kuwatoza. Tafuta magogo. Safisha klachi. Chonga kigingi cha mti cha kuiweka sahani yake katikati, maana shafti ya giaboksi haisamehe. Na ufunge mdomo, kazi ya kuongea na watu nitaifanya mimi.

Kalisti


Kijijini
8 Oktoba 1984

Ndugu yangu Kalisti,

Leo naanza na salamu, tena nyingi. Kwako, kwa mkeo Mama Justina, kwa Damian na kwaya yake yote.

Lori nimelijaribu mpaka Didia na kurudi. Halivuji. Linaitikia mguu wangu kama zamani. Lakini sikuandikii kwa ajili ya lori. Wewe siku ile ulikuwa umelala chali chini ya chasisi, macho kwenye tundu la giaboksi, hukuona nyuso za watu. Nataka nikuonyeshe, maana ninayo hamu ya kuziona tena.

Damian na wenzake walipovuta, injini ilipanda ikafika usawa wa goti ikagoma. Walikuwa wanaimba wimbo wao wa kanisani, mtamu, lakini hauna pa kuvutia pumzi. Gogo moja likaanza kulia. Nikasema moyoni, hapa ndipo aibu yangu inapokamilika, mbele ya wageni. Ndipo nikaona watu wanakuja kwa njia ya kwa Bujiku. Nikaokota spana kubwa nikijua wanakuja kutufukuza.

Bujiku alikuwa mbele. Hakunisalimu. Alivua shati, akalitundika kwenye kioo cha lori, akaweka bega chini ya gogo. Masele, yule mwenye ng'ombe walioibwa, akashika kamba. Nyuma yao wakaja wengine, na mpiga ngoma na ngoma yake, akaanza mpigo wa jembe. Ukaisikia mwenyewe injini ilivyoitii. Kila pigo inapanda, kila pigo inasogea, na wewe huko chini unafoka, "Kushoto, kushoto kidogo, shusha nyuma, nimesema nyuma," na watu walionipa mgongo tangu Juni wanakutii wewe Msumbwa kama watoto. Shafti ilipoingia na injini ikakaa kwenye mauntini zake, vile viti vyake vya mpira, nilitamani kucheka na kuwatukana kwa pamoja.

Halafu nyama. Sikujua kama umekuja na fahali. Theonest ananiambia mlimpata mnadani Maganzo. Ahsante kwa heshima hiyo, ingawa sikupenda achinjiwe uani kwa Bujiku, lakini nilielewa, kwangu hakukuwa na nafasi. Uliona alichofanya Bujiku? Alichukua ini, akakata kipande cha kwanza, akanipa mkononi mwangu kabla hajampa mzee yeyote. Kijiji kizima kinatazama. Nikala namtazama machoni. Mtu hampi mwenzake ini hivyo kama hajajua amemkosea.

Kumbe ndivyo mtu anavyoshinda, Kalisti. Anakaa kimya na haki yake mpaka wanaona haya, wanakuja wenyewe. Lakini mimi sijamaliza. Wametuumiza sana. Kwenye mkutano wa mwezi huu nitasimama, na mbele ya wote nitamtaka Bujiku atamke kwa kinywa chake kwamba alinionea. Nikimaliza hilo, nitaleta lori Katoro.

Ndugu yako,
Maige


Katoro
16 Oktoba 1984

Ndugu Maige,

Usiende mkutanoni.

Leta lori kwanza. Mpunga unaoza, mvua iko karibu, na barabara ya huku ikilowa unaijua. Bujiku alivua shati akabeba, imetosha. Mtu akishakupa bega lake usimdai na ulimi.

Nakuomba sana, na unajua mimi kuomba si desturi yangu. Ukae nyumbani siku hiyo, au upite shambani, au usingizie tumbo. Leta lori.

Kalisti


Kijijini
28 Oktoba 1984

Kalisti,

Ndugu wa jina hilo sina tena. Naandika kwa sababu posta haipokei mate.

Nilikwenda mkutanoni. Nilivaa shati langu la harusi ya Esta. Nikasimama, nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Juni, kwamba mimi sikuwa na kosa, kwamba wamenionea, wamekuja wenyewe kuniinulia injini, sasa imebaki neno moja tu kutoka kwa Bujiku. Bujiku akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "Kaa chini, ng'wanawane. Faini yako tumeshaila, na wewe ulikula nasi."

Aniite mimi mwanangu, mbele ya watu, na mimi nina mjukuu.

Nikasema sikutoa faini. Akasema, "Rafiki yako alimleta fahali kwa jina lako, tukampokea. Ini nilikupa mimi mwenyewe. Anayepewa ini la kwanza ni yule aliyesamehewa." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu kinyume. Nilitoka na shati langu la harusi, nikashika njia ya shambani ili Mbuke asinione uso.

Sheria hizi zao ni za juzi. Mimi sijawahi kukaa kwenye mikutano yao, nilikuwa barabarani nikitafuta riziki yetu. Ningejuaje la ini? Wewe ulijua. Ulimwona ananipa ukakaa pale, unatafuna mbavu, unaniacha nitabasamu kama mjinga.

Na hili ndilo sitalisahau. Usiku ule wa mwano nililala na wewe kwenye sakafu ya karakana ya Bartholomeo, tukigombania gunia moja la kujifunika. Duniani kote shahidi wangu alikuwa mmoja, wewe. Na shahidi wangu ndiye aliyechukua kamba, akamvuta fahali mpaka kwa Bujiku, akanikiria kosa ambalo anajua sikulifanya. Masele angefanya hivyo ningesema ni adui. Wewe nikuite nani?

Mtoto wa Esta akikua ataambiwa babu yake alisikia mwano akavuta shuka, akalipa, akala.

Usije kwangu.

Maige


Katoro
5 Novemba 1984

Maige,

Ndiyo, nilimpeleka. Jambo hilo likirudi kesho, nitampeleka tena.

Unadhani nilikwenda kwa Bujiku nikapiga magoti? Nilimwambia hivi: Maige alikuwa nami Mwanza, niapishe kwa kitabu chochote unachotaka. Akanijibu, "Tunajua. Hapa hakuna aliyesema ni mwizi, wala hakuna aliyesema alivuta shuka. Hakuaga." Hilo tu, Maige. Hakuaga. Neno ambalo kila mtoto hulisema akitoka kwenda kuchota maji, wewe ulikataa kulitamka, ukakigeuza kijiji kizima kuwa adui kwa ajili yake. Nami nimetembea na wewe miaka yote ile tukiendesha malori ya pamba ya chama cha ushirika, nikidhani una akili.

Unanipigia kelele za shahidi. Shahidi wako ulimficha. Ulikuwa na mtu mmoja wa kukutetea, ukamwandikia habari za kamba zilizooza. Kama ungeniita mwezi wa Juni ningekuja nikasimama mkutanoni na kusema mbele yao wote. Uliniita lini? Hukuniita hata sasa.

Unasema nimekuuza. Watu wa huku Katoro walikuwa wananitukana kwa ajili yako na nilikuwa nawajibu liko njiani, liko njiani. Nani alikuwa anamlinda nani?

Kuna jambo ningeweza kukuandikia hapa, ungelisoma ungetafuta pa kuficha uso. Silisemi, kwa kuwa niliapa. Namshukuru Mungu kwa kiapo hicho, maana kwa hasira nilizonazo leo ningelisema vibaya.

Leta lori, au kaa nalo. Nimechoka.

Kalisti


Kijijini
12 Novemba 1984

Kalisti,

Jambo lako na kiapo chako kaa navyo.

Nimeanza kuitoa. Boneti iko chini, rejeta iko chini, bomba la moshi nimelifungua. Injini iliyoingia kwa fahali wa faini haitanitembeza mimi. Watu wakiniona barabarani kila mlio utakuwa unawaambia kwamba nililipa. Nitafungua bolti zote, na siku nikipata mnyororo nitaishusha mwenyewe. Itakaa tena chini ya turubai, na haki yangu itakaa pale pale ilipokuwa.

Lori ni nusu kwa nusu. Chagua, injini au chasisi. Tuma mtu, usije wewe.

Nafanya kazi hii peke yangu. Mbuke amekwenda Maganzo kumuuguza Theonest. Nimemwambia hata yeye, jina lako lisitajwe tena nyumbani kwangu.

Maige


Maganzo
19 Novemba 1984

Baba Esta,

Theonest haumwi. Yuko hapa mbele yangu anakula muhogo.

Fahali alikuwa wangu. Kalisti hakununua fahali mnadani wala popote. Ni yule mwekundu, ng'ombe wa mama kwenye mahari ya Esta, uliyesema mwenyewe tumlishie huku kwa mdogo wangu kwa kuwa malisho ni mazuri. Mwanamke hawezi kumpeleka faini kwa Bujiku wakati mumewe yuko hai na amekataa. Nilihitaji mwanamume wa kushika kamba. Hilo ndilo neno nililomtuma Theonest kwa mdomo. Kalisti alikataa. Alisema, "Shemeji, akijua hatanisamehe." Nikamrudishia neno: usipokuja, mimi naondoka kwa Maige, na injini mtaigawana na kuku. Ndipo akaja. Umemtukana barua mbili nzima, amenyamaza, na fahali si wake.

Sasa nikuambie kwa nini, kwa kuwa hukuwahi kuniuliza.

Wewe ulitengwa ukiwa umekaa chini ya lori lako, unapangusa chuma, unajiambia huna kosa. Mimi nilitengwa kisimani. Nikifika wanawake wanatua ndoo zao na kunyamaza, nachota, naondoka, nasikia maneno yanaanza tena nyuma yangu. Nikaacha kwenda. Nikawa nachimba maji kwenye mchanga wa mto, kule ng'ombe wanakonywea. Miezi mitatu tumekula mboga bila chumvi, na wewe ulisema mbele yangu kwamba unaanza kuizoea.

Na siku Esta alipoumwa uchungu. Ulikuwa umekwenda Didia kwa miguu kutafuta mafuta ya taa kwa sababu hapa hatuuziwi. Nilikwenda kwa Mama Kamili, mkunga wetu, ambaye watoto wake wote nilikuwepo walipozaliwa. Alitoka mpaka kwenye mlango wa ua wake. Alikuwa analia. Hakuvuka njia, Maige. Nikarudi ndani, nikampokea mjukuu wetu kwa mikono yangu hii, alikuja na kitovu shingoni, nikakifungua peke yangu nikiwa sijui kama nafungua au nakaza. Esta alikuwa ananiuliza, "Mama, wengine wako wapi?" Uliporudi ukamkuta mtoto amefungwa nguo, safi, ukasema, "Kumbe walikuja kukusaidia. Basi hawana roho mbaya sana." Nikanyamaza. Siku hiyo ndiyo niliyokata shauri la fahali.

Umeona nimekuita jina lako. Tangu tuoane sijawahi. Nitaliita tena, Maige. Hukuwa na kosa. Najua, nilisema hivyo mbele ya Bujiku kabla wewe hujarudi kutoka Mwanza. Lakini usafi wako huo ulikuwa unalipwa kila siku, na aliyekuwa analipa ni mimi.

Nasikia unaitoa injini. Itoe. Sikuzuii, na sijaandika kuomba msamaha. Ila ujue kwamba mimi sirudi kwenye nyumba yenye injini chini ya turubai.

Mbuke


Kijijini
27 Novemba 1984

Mbuke,

Barua yako niliisomea juu ya boneti iliyolala chini. Niliisoma, nikaenda nikafunga mbuzi, nikarudi nikaisoma tena.

Nimekasirika. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Nimekasirika kwamba wote mlijua, wewe, mdogo wako na Kalisti, nami nikawa wa mwisho mbele ya mkutano. Nimekasirika na Mama Kamili, sijui nitamtazamaje. Lakini kinachoninyima usingizi ni lile neno langu, kwamba hawana roho mbaya sana. Nikikumbuka nililisema na wewe ukiwa bado na damu chini ya kucha, nakosa pa kusimama. Ungenipiga na mwiko siku ile.

Juzi nilikwenda kwa Bujiku. Alidhani nimekuja kugomba, akamwambia mkewe aingie ndani. Nikamwambia, "Jumamosi nakwenda Maganzo kwa lori, kumfuata mke wangu. Nyumba yangu haitakuwa na mtu." Akaniuliza, "Unaniaga?" Nikasema, "Ninakuaga." Mate yalikuwa machungu mdomoni, Mbuke. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kicheko. Hakucheka. Akaniuliza kama lori linawaka. Nikasema limefunguliwa nusu.

Jana asubuhi walikuja, yeye na Masele na wengine. Hakuna aliyetaja fahali. Rejeta imerudi, bomba limerudi, bolti zote nimezikaza mwenyewe. Bado sikusema nina kosa, na sitasema mpaka nizikwe, kwa sababu sikuwa nalo.

Jumamosi nitakuwa hapo. Usinipikie, usinisamehe pale getini mbele ya Theonest, na usinyamaze. Uliyobakiza uyaseme ndani ya lori, mlio wake ni mkubwa, hakuna atakayetusikia mpaka tufike nyumbani.

Kalisti sijamwandikia. Kalamu naishika, naandika jina lake, basi. Wewe unaandika vizuri kuliko mimi. Ukipanda utaniambia mtu kama huyo anaanziwa na neno gani.

Maige